Laini Bila Waya

Miaka kumi na tisa nilikalia stuli ndefu
kwenye eksichenji ya Posta, Kisumu,
nyaya mkononi, kipokezi kichwani,
nikichomeka Yala kwa Kericho, Butere kwa Mombasa.
"Subiri, bwana. Haya, zungumza."
Sheria ilikuwa moja, imepigwa chapa, imebandikwa ukutani:
wakianza kuongea, jiondoe.
Nami nilijiondoa.
Posa na misiba ilipita vidoleni mwangu
kama maji ya mtu mwingine.

Kisha masikio yangu yakaanza kufunga ofisi.
Zilitangulia herufi nyembamba, zile za pumzi:
samaki akabaki amaki, sifa ikabaki ia.
Shilingi thelathini, pale Jubilee, nikailipa themanini.
Muuzaji akanyamaza.
Kimya chake nilikisikia vizuri.

Mashine ya kwanza ilipiga mluzi kama birika.
Ya pili ilikuwa na majivuno: ilijua simu za ukoo wake tu,
simu yangu ya bei ya kawaida ikiita, inageuza uso.
Sauti ilishukia sikio moja kwanza,
ikavuka kwenda la pili imechoka,
na betri, kufikia saa nane mchana, ilikuwa marehemu.

Mwaka huu Metrine Khavere wa kliniki ya masikio
akanivalisha hizi mbili, ndogo kama njugu.
"Mama Akeyo, hiki ni kiwango kipya.
Watengenezaji wamekaa kikao, wamekubaliana lugha.
Kila sikio linapokea lake, kwa wakati mmoja.
Na kisanduku kimoja kikitangaza ukumbini
wenye vifaa wote wananasa, wawe wawili, wawe mia."
"Nani anawachomeka?"
"Hakuna."
Nikaitazama mikono yangu. Nikamhurumia
yule msichana wa stuli ndefu.

Kanisa letu la Nyalenda likanunua kisanduku
kwa harambee mbili na mbuzi mmoja wa mnada.
Kikatundikwa karibu na saa iliyosimama.
Tulikuwa wanne wa kukipokea: mimi, fundi Dishon Opondo,
Truphosa wa kwaya ya zamani,
na Velma, wa darasa la tano.

Jumapili ya tatu mvua ikashuka juu ya mabati,
si kwa matone, kwa magunia.
Mia tatu wenye masikio mazima
wakabaki kutazama mdomo wa mchungaji
ukifunguka na kufungika kama wa ngege kwenye beseni.
Mimi nilimsikia hata akimeza mate.
Rosebella, aliyezoea kunifokea kama aitaye ng'ambo ya mto,
akanigusa kwa kiwiko: "Amesema nini?"
Nikamwambia. Akamwambia wa nyuma yake.
Benchi kwa benchi neno likasafiri,
na vidole vyangu vikacheza vyenyewe juu ya Biblia:
Yala kwa Kericho, Butere kwa Mombasa.

Ndipo mchungaji akafunga kitabu.
Akaona hakuna anayemsikia.
Akageukia ukuta, kipaza sauti bado kifuani,
akasema jambo, taratibu, si kwetu.
Maneno sita. Niliyahesabu kabla sijajizuia,
kila sikio limepewa lake.

Nikapeleka kidole nyuma ya sikio, nikabonyeza.
Nikapeleka cha pili.
Mvua ikawa ya mbali, mvua ya wilaya nyingine.
Midomo ya Rosebella: amesema nini?
"Anasema tungoje ipungue."

Upande wa pili Dishon alikuwa ameinamia kofia yake.
Truphosa amefumba macho.
Na Velma, ambaye hakuna aliyemfundisha sheria ile,
alikuwa keshavua vyake,
amevifumbata kiganjani.